Kaunta kwenye mpira wa mikono: usibakize mtu nyuma

Swali: Shikamoo kocha. Mimi ni mwalimu wa michezo kwenye sekondari moja huku Ukerewe, nafundisha timu ya wasichana ya mpira wa mikono. Ukuta wetu ukishajipanga, hata timu za Mwanza mjini zinahangaika kutufunga. Kinachotuua ni kaunta. Tukipoteza mpira tukiwa tunashambulia, kufumba na kufumbua uko wavuni kwetu. Nimewakimbiza kuzunguka uwanja kila asubuhi, pumzi wanayo, lakini hali ni ile ile. Mwalimu mwenzangu wa soka ananishauri nibakize wawili nyuma kila tunaposhambulia. Nimsikilize?

Jibu: Marahaba, mwalimu. Usimsikilize, ingawa naelewa wazo lake limetoka wapi. Soka lina watu 11 na uwanja wa mita 100 hivi; ukibakiza 2 nyuma wakati wa kona, bado una watu wa kutosha kusumbua golini. Sisi tuna wachezaji 6 wa ndani na golikipa, kwenye uwanja wa mita 40 kwa 20. Ukibakiza 2, unapeleka watu 4 kuvunja ukuta wa watu 6. Hao 4 hawatapata upenyo. Watarusha kutoka mbali mikono ya walinzi ikiwa usoni pao, au watalazimisha pasi kwa pivoti, yule mshambuliaji anayesimama katikati ya walinzi karibu na goli, akiwa amebanwa, na mpira utapotea mara nyingi kuliko sasa. Kila unapopotea, kaunta nyingine inaanza. Utakuwa umejiongezea kaunta za kuzuia ili tu uwe na watu wa kuzizuia.

Kuhusu mbio, kuzunguka uwanja asubuhi hakudhuru, ila hakutibu ugonjwa huu. Msichana wa kidato cha tatu mwenye mbio za kawaida anamaliza mita 25 kwa sekunde 4 au 5 hivi. Golikipa wa upande wa pili akirusha mpira mita 20 mbele, unafika chini ya sekunde 2. Hakuna anayeushinda mpira uliorushwa. Kinachoamua ni nani aligeuka kwanza, na mpira ulipotea wapi na kwa namna gani. Yote hayo yanaamuliwa timu yako ingali na mpira mkononi, kwa hiyo nitakusumbua sana na ushambuliaji ingawa umeniuliza kuhusu kuzuia.

Kwenye mechi yenu ijayo ya mazoezi, acha kutazama mpira. Mtazame aliyerusha. Ameruka, ameachia, mpira umegonga paja la golikipa. Anatua mguu mmoja ukiwa ndani ya eneo la golikipa, lile la mita 6, anaweka mikono kichwani, halafu anageuza shingo kutazama benchi. Sasa mtafute winga wa wapinzani aliyekuwa anamkaba. Hayupo. Aliondoka pale mkono wa mrushaji ulipoinuka, na sasa anakaribia mstari wa kati, viganja wazi, anasubiri pasi. Ile mikono kichwani imempa mpinzani hatua nne au tano, na hatua hizo hazilipwi na mbio za asubuhi. Na mwalimu, angalia benchi alikotazama: alikutazama wewe. Amezoea kwamba akikosa, sauti yako inafuata. Mtu akikosa bao, kaa kimya mpaka timu nzima imerudi. Ukiwa na la kumwambia, mwambie wakati mpira umetoka.

Kabla hujabadilisha chochote kingine, mpe mwanafunzi mmoja wa benchi daftari. Kila kaunta mnayopigwa aandike mpira ulipoteaje: pasi ilinaswa, mrusho ulidakwa, hatua zilizidi, faulo ya mshambuliaji, au mlikuwa mmefunga nyie na wao wakaanza haraka. Kwa ninavyozijua timu za shule, safu mbili zitajaa kuliko nyingine.

Ya kwanza ni pasi ndefu iliyolala, ile inayomruka mchezesha timu, yule wa katikati, na kukatiza mbele ya ukuta kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Hiyo ndiyo zawadi kubwa kuliko zote. Anayeinasa tayari anatazama goli lenu, tayari yuko kwenye mwendo, na mbele yake hakuna mtu. Ipige marufuku mpaka wakomae. Kwenye mazoezi, pasi ikimruka mtu, mpira unakwenda kwa timu nyingine hata kama ilifika salama. Watalalamika kwa muda, halafu watazoea kupitisha mpira kwa mtu wa karibu.

Ya pili ni winga anayerusha kutoka kona kabisa, pembe ikiwa imembana, kwa sababu tu mpira umemfikia. Golikipa anaudaka mikononi badala ya kuutema, na aliyerusha amelala ndani ya eneo la mita 6. Mmebaki watano, na golikipa anaweza kuanza papo hapo bila kungoja filimbi. Winga wako lazima ajue kwamba kurudisha mpira kwa mtu wa nyuma yake ni uamuzi mzuri na wala si woga.

Hapo hapo angalia namba iliyoandikwa kwenye mpira wenu. Wasichana wa zaidi ya miaka 14 wanacheza mpira namba 2, wenye mzingo wa sentimita 54 hadi 56 na uzito wa gramu 325 hadi 375. Shule nyingi zina mpira mmoja tu, na mara nyingi ni namba 3 wa wanaume, ambao unafika gramu 475. Mkono wa msichana hauushiki vizuri. Pasi zinateleza, hasa mkono ukiwa na jasho na vumbi. Ukiona safu ya pasi zilizonaswa imejaa, huenda dawa iko dukani kabla haijafika kwenye mbinu.

Kuna pia mpira unaopotezwa kwa hofu ya refa. Akiinua mkono kuonya kwamba mnapoteza muda, wasichana wengi hurusha hapo hapo, popote walipo. Tangu mabadiliko ya sheria ya Julai 2022, baada ya onyo hilo mna pasi 4 (zamani zilikuwa 6). Pasi 4 zinatosha kutengeneza nafasi ikiwa mmepanga mapema. Wape mpango mmoja tu wa mkono ulioinuliwa, waurudie mpaka waufanye wamefumba macho, na waelewe kwamba mrusho unakaribia kwa hiyo wa kurudi wajiandae.

Sasa kurudi kwenyewe. Alama ya kuanza ni mkono wa mrushaji kuinuka. Usingoje matokeo ya mrusho, maana ukingoja umeshachelewa. Mkono ukiinuka, watu wawili wanageuka: winga wa upande wa mbali na mrusho, na mchezesha timu. Winga wa mbali ni kwa sababu mpira ukirudi uwanjani, mara nyingi hauendi kwake, na mchezesha timu ni kwa sababu yuko katikati na nyuma ya wenzake, njia yake ya kurudi ndiyo fupi. Akiwa yeye ndiye anayerusha, mwenzake wa safu ya nyuma aliye upande wa mbali na mrusho anashika kazi yake. Hao ndio wawili wa nyuma aliowataka mwenzako wa soka, tofauti ni kwamba mpaka sekunde ile walikuwa wanashambulia kama wengine. Mchezesha timu apige kelele neno moja, “Nyuma!”, kila safari, hata wakati ana uhakika mpira unaingia.

Pivoti hageuki. Yeye yuko karibu na golikipa kuliko wote, na dakika yake ya thamani ndiyo hii. Asimame nje tu ya mstari wa mita 6, mbele ya mkono anaorushia golikipa, mikono juu. Sheria inamruhusu kusimama pale. Haimruhusu kuingia ndani ya eneo wala kuugusa mpira kabla haujavuka mstari. Hahitaji kuunasa. Akimfanya golikipa asogee hatua mbili kutafuta upenyo, wenzake wameshapata mita 10. Timu nyingi nazoziona zinamwacha pivoti akimbie nyuma na umati, anafika wa mwisho na hajamsumbua mtu yeyote.

Wengine wote wanakimbia kuelekea nguzo za goli lenu kwanza, halafu ndipo wanatoka kutafuta watu. Msichana anayemfukuza winga kando ya mstari wa pembeni anafukuza mgongo, na mgongo haukabwi. Akikata kuelekea nguzo ya karibu, winga huyo atalazimika kurusha kutoka pembeni au kusimama. Wageuke kabisa na kukimbia kawaida, wasirudi kinyumenyume, lakini kila hatua chache wachungulie mpira juu ya bega. Nimeona mabao mengi ambayo mpira ulipita kichwani kwa mlinzi aliyekuwa anakimbia vizuri sana huku hajui mpira uko wapi.

Mkifika wachache, sema wawili dhidi ya watatu, kosa la kawaida ni yule wa kwanza kutoka mbio kumkabili mwenye mpira. Akishatoka, pasi moja inamaliza kazi. Wote wawili warudi mpaka karibu na mstari wa mita 9, wasimame wamebanana katikati, na anayekabili mwenye mpira afanye hatua moja ya uongo mbele kisha arudi. Hatua hiyo inamfanya mshambuliaji ashike mpira na kufikiri. Kila sekunde anayofikiri, mlinzi wenu mwingine anawasili. Nia ni mpira uende pembeni na mrusho utoke kona, ambako golikipa wenu ana kitu kidogo cha kufunika. Wakifunga kutoka kona, wapongeze walinzi wako, maana walifanya walichotakiwa.

Kuna timu zinazojifunza yote haya na bado zinafungwa, na huenda yenu itapita hapo. Mkimbiaji wa kwanza wamemzuia, kisha wanafungwa na wale watatu wanaokuja nyuma yake, wimbi la pili. Sababu ninayoiona karibu kila mara ni kwamba walinzi wanapishana kutafuta nafasi zao. Namba ya kushoto ametokea kulia, anakatiza mbele ya goli kwenda kwake, anagongana na mwenzake anayetoka kule, na pale katikati pameachwa wazi kwa mrushaji anayekuja na kasi. Kataza hilo kabisa. Anayefika anasimama kwenye nafasi iliyo karibu na alipotokea, hata kama hajawahi kucheza hapo. Mfupi atakaa katikati, mrefu atakaa pembeni, sawa. Mtabadilishana mpira ukiwa upande wa pili wa uwanja au refa akiwa amepiga filimbi. Na waongee. “Kati ninayo!” “Nipe winga!” Wasichana wetu wengi wamelelewa kukaa kimya mbele za watu, na uwanjani ukimya huo unaonekana. Kwenye mazoezi, mlinzi asiyesema neno mpira ukija kwake ahesabiwe hakukaba, hata kama alikaba.

Golikipa wako naye ana kazi wakati nyie mnashambulia. Asibaki kwenye mstari wa goli anasinzia. Atoke nje ya eneo lake, mita 8 au 9 hivi, ili pasi ndefu ya angani awe wa kwanza kuifikia. Lakini mfundishe hili kwa ukali: akitoka kuuwahi mpira na akagongana na mshambuliaji, anatolewa kwa kadi nyekundu, hata kama hakukusudia. Aende pale tu ana uhakika wa kufika kwanza. Akisita, arudi. Nyie mnaocheza kandokando ya ziwa mna jambo moja la ziada. Mchana jua likishaunguza nchi kavu, upepo huvuma kutoka ziwani. Kabla ya mechi golikipa arushe pasi ndefu chache kila upande. Kipindi ambacho wapinzani wanarusha kukabili upepo, pasi zao ndefu zitaelea na kufika fupi, na golikipa wako anaweza kusogea mbele zaidi. Kipindi wanachorusha na upepo mgongoni, abaki karibu na eneo lake.

Faulo: ndiyo, inaruhusiwa kuitumia, ila kwa akili. Kumkabili mwenye mpira kwa mbele, kifua kwa kifua, mikono ikiwa imekunjwa, mapema kabla hajavuka katikati, kwa kawaida kunazaa mpira huru tu na nyie mnapata muda wa kujipanga. Kumvuta mkono wa kurushia au kumsukuma kwa nyuma akiwa peke yake na golikipa ni kadi nyekundu na penalti ya mita 7, na mwenzio anaweza kuvunjika. Bao moja halina thamani hiyo kwenye mashindano ya shule. Filimbi ikilia, mpira uwekwe chini pale pale na watu wasogee mita 3. Kuubeba au kuusukuma ni dakika 2 nje, na dakika 2 mkiwa watano ndiyo kaunta zinamiminika.

Msisahau pia bao lenu wenyewe. Mkifunga, wapinzani wanaanza katikati, na sheria haiwadai wasubiri nyie mrudi upande wenu. Timu za mjini zinajua hilo. Wakati wasichana wako wanagongeana viganja, mpira umeshapigiwa filimbi. Washangilie wakikimbia.

Kama una mtu anayeshambulia vizuri lakini hakabi, na unataka kumbadilisha kila mpira unapopotea, mbadilishe mmoja tu, na awe anayecheza upande wa benchi. Ukimvusha winga wa upande wa pili uwanja mzima, mtacheza pungufu muda wote anaovuka, na anayeingia akiwahi kabla mwenzake hajatoka, ni dakika 2.

Mazoezi yenyewe hayahitaji vifaa. La kwanza naliita “weka chini”. Timu mbili za watu 6 zinacheza kawaida. Wewe unapiga filimbi wakati wowote, hata pasi ikiwa nzuri. Mwenye mpira anauweka chini pale alipo, wapinzani wanauokota na kwenda. Usiwape mpangilio wa kutabirika. La pili, simama nyuma ya goli la upande mnaoshambulia ukiwa na mpira wa akiba. Mara tu mrusho unapotoka, uwe umeingia au haukuingia, mrushie golikipa mpira wako na kaunta ianze. Zoezi hili ndilo linaloua mikono kichwani, kwa sababu kufunga hakuwapi tena ruhusa ya kupumzika. La tatu ni watatu dhidi ya wawili kutoka katikati, huku mlinzi wa tatu akianzia mita 5 nyuma ya washambuliaji. Walinzi wanapata pointi kwa kila sekunde wanayowachelewesha, hesabu kwa sauti. Mbio ndefu za asubuhi zibadilishe ziwe mbio za mita 20 zinazoanza kwa kugeuka, mapumziko ya kutosha katikati. Kwenye uwanja wa mchanga nyunyiza maji kidogo pale wanapogeukia, la sivyo utawafundisha kuteleza.

Na mkija Mwanza kwa meli asubuhi na mechi ikawa mchana wa siku hiyo hiyo, msicheze kwa kasi ya wenyeji. Shambulieni polepole kwa dakika kumi za kwanza, warushe tu walio katikati, mawinga wasijaribu kona. Kaunta nyingi mnazopigwa mapema huenda zinatokana na miguu ambayo bado iko majini.

Daftari lile liendelee kwa mechi mbili, kisha nitumie hesabu ya kila safu. Safu ya mrusho uliodakwa ikiwa kubwa, niambie pia nani alirusha na kutoka upande gani, maana hapo jibu langu linalofuata litakuwa juu ya mtu mmoja au wawili tu.